Kijana aliyeogopa kuchomoa upanga

Neno la asubuhi: Waamuzi 8:18-21

  

Leo hatutahubiri kama mchungaji anavyohubiri. Sisi ni wanaume wanne wa kikundi cha maombi cha Alhamisi. Mmoja wetu ndiye anayesoma, lakini maneno haya tuliyatayarisha wote wanne, na kuna sehemu moja tuliyobishana juu yake juma zima. Tutawaambia tukifika pale.

Zamani watu walituita kadogo. Vita vilipoingia Uvira, mwezi wa Oktoba mwaka wa 1996, mkubwa wetu alikuwa na miaka 14, mdogo wetu 11. Mchungaji alituomba tuseme juu ya siku tuliyopiga bunduki mara ya kwanza. Tulikataa mara mbili. Mara ya tatu tulikubali, na sababu yake mutaisikia.

Fungueni Biblia katika Waamuzi sura ya 8. Gideoni amewashinda Wamidiani. Wafalme wawili, Zeba na Salmuna, wako mikononi mwake. Wafalme hao waliwaua ndugu zake, watoto wa mama yake. Basi anamgeukia mzaliwa wake wa kwanza, jina lake Yetheri, na kumwambia asimame awaue. Yule kijana hakuchomoa upanga wake. Aliogopa, maana alikuwa bado mtoto.

Juu ya Gideoni tumesikia mahubiri mengi: ngozi ya kondoo, watu 300, mitungi na mienge. Juu ya Yetheri hatujasikia hata moja. Siku tuliposoma mistari hii pamoja, ndugu yetu mmoja alifunga Biblia yake akatoka nje, akakaa kule mpaka tulipomaliza kuomba.

Kwetu ilikuwa hivi. Kule juu ya mlima, kambini, hawakutupa bunduki siku ya kwanza. Kila mmoja alichonga mti wake wenye urefu wa bunduki. Tulikimbia na mti, tulikula na mti, tulilala nao, na aliyeuangusha alipigwa. Tulivaa mabuti ya mpira yaliyokuwa makubwa kuliko miguu yetu, tukayajaza nyasi ili yasitoke. Kusema kweli, siku zile za miti tulicheza. Tulikuwa watoto, na mtoto ukimpa mti atacheza.

Halafu siku moja walileta bunduki za kweli. Aliyekuwa wa kwanza kati yetu ni yule mdogo, wa miaka 11. Bunduki ile pamoja na risasi zake ilikuwa na uzito wa kilo nne hivi, na mikono yake ilitetemeka kabla hajafanya kitu. Mbele yake walikuwa wamechagua mgomba. Walimwambia akaze kitako begani. Yeye aliacha nafasi, kwa sababu aliogopa kukigusa. Upande wa kuume wa bunduki ile kuna kichuma. Ukikishusha hatua moja, inatema risasi mfululizo. Ukikishusha mpaka chini, inatoa moja moja. Hatusemi haya ili tumfundishe mtu. Tunasema ili mujue kwamba mkono wa mtoto anayetetemeka unasimama kwenye ile hatua ya kwanza.

Bunduki ilipanda juu yenyewe. Risasi zilikwenda mbinguni, mgomba haukuguswa, na yeye alianguka chali. Ganda moja la moto liliingia katika shingo ya shati lake. Kovu lile analo mpaka leo, mke wake analijua. Lakini si maumivu anayokumbuka kwanza. Anakumbuka kwamba masikio yalikufa. Aliinua kichwa akaona watu wote wamefungua midomo, wakubwa na watoto wenzake, na hakusikia sauti yoyote. Aliona meno tu. Ilimchukua muda kujua kwamba walikuwa wanamcheka. Suruali yake ilikuwa imelowa.

Masikio yaliporudi, neno la kwanza alilosikia lilikuwa: "Weye uko mwanamuke?" Mama zetu mutusamehe, ndivyo walivyosema. Siku tatu kambi nzima ilimwita mama. Na sisi watatu tunaokaa naye leo katika kikundi cha maombi, tulikuwapo pale. Tulicheka pamoja na wengine, na tulicheka kwa nguvu, kwa sababu zamu yetu ilikuwa inakuja.

Siku ya nne alipewa bunduki tena. Alikaza kitako begani mpaka pakavimba, akaupasua mgomba. Hapakuwa na mtu aliyemchukia. Alipiga ili kicheko kiishe, nacho kikaisha. Walimpa sigara na kipande cha nyama.

Sasa rudini kwa Yetheri. Mutazame jambo ambalo sisi hatukuliona mpaka tuliposoma mara nyingi. Katika habari ile hakuna anayemcheka. Wale wafalme wawili walikuwa wabaya, walikuwa wauaji, na walikuwa karibu kufa. Hata wao hawakumcheka yule kijana. Walimgeukia baba yake, wakamwambia asimame yeye mwenyewe, maana kazi ile ilikuwa ya mtu mzima. Midomo ya wapagani ilisema ukweli ambao mtumishi wa Mungu alikuwa ameusahau. Na Gideoni alisimama, akaifanya kazi yake kwa mkono wake.

Hofu ya Yetheri hatuiiti udhaifu. Sisi tunaamini Mungu ndiye aliyeiweka pale, kama mama anavyofunga mlango usiku ili mtoto asitoke. Kwetu sisi ulikuja mkono wa mtu mkubwa, ukaufungua mlango ule kwa kicheko.

Ndugu yetu wa pili hakupiga mgomba. Mara yake ya kwanza ilikuwa usiku, njiani kwenda Kisangani, tukiwa tunatembea kwa miguu katika msitu. Mtu alipiga kelele, wote wakapiga, naye akapiga kuelekea mahali palipotikisika. Asubuhi walikatazwa kwenda kutazama. Tuliingia Kisangani, mji ulipoanguka tarehe 15 Machi 1997, watu wakatushangilia na kutupa maji, na yeye alikuwa bado anajiuliza ni nini kilichotikisika pale. Huenda ni mnyama. Huenda ni upepo. Wakati ule msitu ulikuwa umejaa wakimbizi, na kati yao wanawake na watoto wengi. Hajui. Akiomba toba anaomba hivi: "Bwana, kama alikuwa mtu." Tumemsikia akiomba vile kwa miaka mingi, na hatujapata neno la kumwongezea.

Wa tatu alipiga hewani tu, siku ya kushangilia. Alisema tusipoteze muda wa redio kwa ajili yake.

Tumefika kwenye sehemu tuliyobishana. Ndugu yetu wa nne alisema: "Mimi nilifurahi." Alikuwa ametoka katika nyumba ambamo hakuna aliyemsikiliza, masomo yalikatika kwa kukosa pesa za mwalimu, na ghafula alivuta kidole kimoja na mlima wa pili ukamjibu. Alicheka mwenyewe. Aliomba apige tena. Sisi wengine tulimwambia asiseme hayo redioni, watu wataudhika, na watoto watasikia. Yeye alijibu kwamba watoto tayari wanajua kuna utamu pale, maana wanauona machoni mwa wale wenye bunduki. Kitu wasichojua ni bei yake. Alisema kama tutasoma habari ya hofu tu, yeye hatakuja, kwa sababu tutakuwa tumedanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Alituambia jambo jingine: kwamba dhambi nyingine zote aliweza kuziungama mbele ya wazee wa kanisa, lakini furaha ile ilimchukua miaka 20 kuitaja. Basi tumeisoma. Anaketi hapa karibu na kipaza sauti na anatikisa kichwa kwamba ndivyo.

Wapendwa, sisi tumeokoka. Tuliwekewa mikono, tuliombewa, damu ya Yesu imetusafisha, na hilo hatulionei haya. Lakini kuna watu wanaotuuliza: "Umeokoka, mbona bado unaota?" Tunaota. Usiku wa mwaka mpya, watu wanapopiga risasi hewani, mmoja wetu analala chini ya kitanda na watoto wake wanajifanya hawaoni. Yule aliyedondokewa na ganda la moto hukaa benchi ya mwisho karibu na mlango, kwa sababu bateri ya kwaya ikipigwa ghafula mwili wake unataka kukimbia. Watu wa protokoli kila Jumapili wanamwinua wanampeleka mbele, wakidhani ni mvivu wa kuabudu.

Tena tunapotoa ushuhuda, tumeona kitu. Tukisema Yesu alitusamehe, kanisa linasema Amina. Tukisema tulikuwa na bunduki, kanisa linasimama. Tafadhali, musitushangilie pale.

Sasa sababu iliyotufanya tukubali. Munajua vita vimerudi tena katika Kivu yetu. Vijana wanaitwa, wengine kwa nguvu, wengine kwa wimbo. Mwezi uliopita, baada ya ibada, tulikuwa tumesimama uani. Watoto walikuwa wanacheza na bunduki walizochonga kwa kikonyo cha mgomba. Kijana mmoja wa miaka 15 alikuwa anaeleza kwamba rafiki zake wawili wamekwenda kwenye kikundi, wamemwita, na yeye anaogopa. Alisema wazi, mbele ya watu: "Mimi naogopa." Na baba mmoja, mtu wa Mungu, mtu tunayemheshimu, alicheka. Alimwuliza: "Weye uko mwanamuke?"

Ni maneno yale yale. Sisi wanne tulitazamana.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya ulinzi wa mtoto, inakataza kumwingiza mtu asiyefikisha miaka 18 katika jeshi, katika polisi au katika kikundi chochote chenye silaha. Mwaka wa 2012, mahakama ya kimataifa kule La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri miaka 14 ya kifungo kwa sababu ya kuwaingiza vitani watoto wasiofikisha miaka 15. Ni vizuri mujue. Lakini pale uani hapakuwa na mwanasheria. Palikuwa na baba na kicheko chake, na kijana aliyekuwa anatazama chini.

Baba zetu, wazee wetu, mtoto akiwaambia anaogopa, musicheke. Mukae naye. Kama kuna kazi mnayoona ni lazima ifanyike, basi Gideoni asimame mwenyewe.

Yule kijana tulimwita kando siku ile ile. Hatukumhubiri. Aliuliza kama ni kweli kwamba bunduki inapiga bega, na ndugu yetu alivua shati akamwonyesha kovu la shingoni. Aliuliza kama kuna raha. Yule wa nne akamjibu: "Ndiyo, iko," akamweleza yote, mpaka jua likazama. Aliondoka bila kutuambia ataamua nini.

Ni yeye anayepiga bateri katika kwaya ya vijana. Jumapili iliyopita alikuwapo. Kabla ya wimbo wa kwanza alitazama nyuma, kwenye benchi ya mwisho karibu na mlango, akainua vijiti juu ili ndugu yetu avione, halafu ndipo akaanza, polepole.