Barua za Mtu Aliye Safarini

Leo nataka kusema nanyi juu ya barua za msafiri, tena si msafiri wa siku mbili tatu, bali yule azungukaye nchi kwa miezi mingi kwa kazi au kwa biashara.

Msafiri mashuhuri wa namna hiyo alikuwa Dakta Livingstone. Mwaka 1871 alirudi Ujiji amedhoofika sana, akakuta mali yake imeuzwa, wala hakuwa na habari za kwao. Kumbe barua zake zilikuwa njiani. Mfuko wa barua wenye tarehe 1 Novemba 1870 ulitumwa kutoka Unguja pamoja na wapagazi, lakini wapagazi wale walikawia Bagamoyo, kisha wakakaa Unyanyembe, karibu na Tabora, wakati wa vita vya Mirambo. Stanley aliukuta mfuko huko, akauchukua mwenyewe mpaka Ujiji. Livingstone akaupakata, akaufungua, akasoma barua moja mbili za watoto wake, na uso wake ukachangamka. Zilikuwa zimekaa njiani mwaka mzima.

Angalieni, barua zile hazikupotea. Zilikosa mtu wa kuzifikisha. Leo ziko reli, motokaa na posta, lakini jambo lile laweza kutupata bado, kwa kuwa barua zetu nyingi hazipelekwi mlangoni. Huingia katika Sanduku la Posta la shule, la kanisa au la ofisi, na mwenyewe akiwa safarini hukaa mle mle.

Mtasema, simu ya mkononi yatosha. Yatosha kwa salamu, lakini haichukui cheti halisi cha shule, wala pasipoti, wala hati ya shamba. Kijana akiitwa kazini, akaambiwa alete cheti chake siku fulani, nacho kimelala katika sanduku mbali naye, aweza kuikosa kazi ile.

Basi, kabla ya kuondoka, chagueni mtu mmoja mwaminifu wa kulitazama sanduku. Mwachieni orodha ya miji mtakayopita, na siku mnazotazamia kufika. Msiandike kila kituo. Andikeni ile michache ambayo hamna budi kuifikia. Aendaye Kigoma au Mwanza kwa reli ya kati atapita Tabora, maana hapo ndipo njia zinapoachana. Basi Tabora ni mahali pema pa kungojewa na barua.

Mkiwa na mwenyeji katika mji ule, barua iandikwe jina lenu, kisha “kwa mkono wa” mwenyeji, na nambari ya sanduku lake. Mwulizeni kwanza, asije akashangaa akairudisha.

Msipokuwa na mwenyeji, barua yaweza kungojea posta yenyewe. Chini ya jina huandikwa maneno mawili ya Kifaransa, Poste Restante, yaani ikae posta mpaka mwenyewe aje, kisha jina la posta na la mji. Maneno hayo hujulikana katika nchi nyingi, maana Kifaransa ni lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874. Lakini ulizeni kwanza kama posta ile huziweka barua za namna hiyo, na kwa siku ngapi. Muda ukiisha hurudishwa kwa mpelekaji. Kwa hiyo anwani ya mpelekaji iandikwe nyuma ya bahasha.

Jina la juu ya bahasha liwe sawasawa na lile la kitambulisho, kwa kuwa karani atataka kukiona. Akisema hakuna barua, mwombeni kwa adabu aangalie chini ya majina yote mawili. Barua ya Yohana Petro yaweza kuwekwa penye Y, au penye P.

Vyeti na hati visipelekwe ila kwa rejista. Mpelekaji aishike stakabadhi, na nambari yake amwambie msafiri kwa simu.

Mwisho, mipango ya safari ikigeuka, mpasheni habari yule mtu wa nyumbani siku ile ile, kabla hajapeleka barua nyingine mahali msipofika tena. Kwaherini.