MTOTO ANAKWENDA CHUO: MZAZI, ISOME KARATASI MWENYEWE

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Tabora)



Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala juu ya kuchemsha maji. Tunazungumza juu ya watoto wetu wanaomaliza kidato cha nne na cha sita, na chuo watakachokwenda. Mtasema, aa, hayo ni mambo ya wasomi, sisi tumejua kusoma juzi tu. Hapana, ndugu zetu. Ng'ombe atakayeuzwa ni wako. Tumbaku itakayolipa ada umeikausha wewe kwenye bani. Basi na karatasi uisome wewe.

Wazee wetu Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa safari. Katika karne ya 19, kila kiangazi maelfu ya vijana walitoka Unyanyembe kwenda pwani, Bagamoyo. Wengine walikwenda magharibi hadi Ujiji. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na safari ya pwani ilichukua miezi miwili au mitatu. Lakini msafara haukuondoka ovyo. Alikuwapo kirongozi, anayeijua njia na maji. Alikuwapo mnyampara wa kuangalia watu. Na walijua mapema kwamba Ugogo watadaiwa hongo. Siku zile hongo haikuwa rushwa kama tunavyosema leo. Ilikuwa ushuru wa kupita na kuchota maji katika nchi ya mtu. Msafara usioweka akiba ya hongo ulikwama njiani.

Kijana aliyefika pwani akarudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Fahari hiyo bado tunayo. Mzazi akisikia mtoto amepata chuo Dar es Salaam, anapiga vigelegele hata hajauliza anakwenda kusoma nini. Tunasema: uliza kozi kwanza, mji baadaye. Mwalimu Nyerere alipomaliza masomo hapa Tabora, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda. Hakuwa na vyuo kumi vya kuchagua. Mtoto wako anavyo, tena vingine viko mlangoni. Hapa Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki, chuo cha reli, chuo cha ualimu, chuo cha ardhi, chuo cha kilimo pale Tumbi, na chuo kikuu cha Askofu Mkuu Mihayo. Asali na nta za misitu yetu zinajulikana nchi nzima, lakini wazazi wangapi wa hapa wamewahi kuuliza juu ya chuo cha nyuki?

Haya, mtoto amechagua kozi. Je, matokeo yake yanamruhusu? Kwa shahada, kwa kawaida aliyetoka kidato cha sita hutakiwa kufaulu masomo mawili, yenye jumla ya pointi 4 au zaidi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kozi nyingine hudai zaidi ya hapo, na hutaja masomo yenyewe. Kwa cheti, aliyetoka kidato cha nne kwa kawaida hutakiwa angalau D nne, na somo la dini halihesabiwi. Usikubali mtu akuambie "tutampitisha tu".

Hapo ndipo watu wanapoumia. Tunamjua baba mmoja wa wilaya mojawapo ya mkoa huu. Alifuatwa nyumbani na kijana mwenye koti na vipeperushi vya rangi. Akaambiwa nafasi ni chache, alipe leo leo. Akauza ng'ombe wawili. Binti yake akasoma mwaka mzima, na mwisho ikaonekana kozi ile haitambuliwi. Ng'ombe hawakurudi, na mwaka wa binti haukurudi. Karatasi zote alikuwa nazo ndani ya sanduku. Hakuna aliyezisoma.

Kwa hiyo shika jambo hili. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyuo vya kati na vya ufundi vinasimamiwa na NACTVET. Kila mwaka hutolewa vitabu vya mwongozo vyenye majina ya vyuo, kozi, na sifa za kuingia. Vinapatikana kwenye mtandao, na mwalimu wa sekondari ya kata anaweza kukufungulia kwenye simu. Angalia jina la chuo, kisha angalia na jina la kozi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi moja ikawa haijakubaliwa. Ada ilipwe benki au kwa namba ya malipo ya chuo, isiwe mkononi mwa mtu wala kwenye simu yake.

Mtoto akichaguliwa na vyuo vikuu viwili au vitatu, lazima athibitishe kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Hutumiwa namba ya siri kwenye simu. Namba hiyo asimpe mtu. Na kumbukeni, wakati wa maombi huenda mtoto yuko kambini JKT. Ninyi ndio mnaobaki na makaratasi nyumbani.

Sasa tuje kwenye hongo, maana safari hii nayo ina hongo zake. Ada ni mzigo unaoonekana. Isiyoonekana ni nauli, godoro, chumba, chakula, bima ya afya, michango midogo midogo, na kutoa nakala za masomo. Chuo kikitoa barua ya maelekezo ya kujiunga, kaa chini na kalamu. Andika kila kiasi, ujumlishe mwenyewe. Hesabu ile ya darasa la kisomo inatosha kabisa.

Mkopo upo. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005 kwa ajili ya elimu ya juu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 hata baadhi ya kozi za stashahada zimepata. Lakini mkopo si zawadi. Akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, na baada ya wiki kadhaa hufungwa. Hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima hutakiwa vyeti vya vifo vya wazazi. Wengi wa vijijini hukosa kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu wana mali. Baba amefariki miaka kumi iliyopita na cheti hakikuchukuliwa! Kama mtoto wako yuko kidato cha tatu, anza kuvitafuta vyeti hivyo wiki hii.

Akifika chuoni, wiki za kwanza ndizo ngumu. Fedha za mkopo, wenyewe wanaziita bumu, mara nyingi huchelewa. Mpe chakula cha mwezi mmoja hata kama amepewa mkopo asilimia mia. Aende na vyeti halisi, na nakala zibaki nyumbani. Asikose wiki ya maelekezo, kwani hapo ndipo huonyeshwa maktaba, zahanati na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Asipoingia darasani hakuna atakayemfuata. Alama za majaribio ya katikati ya muhula huingia katika matokeo ya mwisho, kwa hiyo anayengoja mtihani wa mwisho amechelewa. Akianguka somo atarudia mtihani, wanaita sapu. Akianguka mengi anaondolewa, wanaita kudisko. Akikupigia simu akitaja sapu usimfokee, baba. Muulize ni somo gani, na kama amemwona mwalimu wa somo hilo. Mtoto anayeogopa kufokewa hukaa kimya hadi siku ya kudisko.

Na binti akiambiwa na mtu yeyote, hata awe mkubwa, kwamba alama zinapatikana kwa njia nyingine, ajue nyumbani anaye mtu wa kumwambia. Mama, mwambie hivyo kabla hajapanda basi.

Tumesema mengi, sasa ni zamu yenu. Tunamwona mama pale nyuma amekuja na barua ya chuo ndani ya bahasha. Mama, karibu mbele. Soma mstari wa kwanza kwa sauti, tuusikie wote.