Mji Usio na Meya
(Hotuba iliyosomwa katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Habari za bei na uzito wa mazao zimekwisha kusemwa na wenzetu wanaozijua kuliko sisi. Twapenda kunena juu ya jambo liwahusulo wale ambao mashamba yao yamepakana na mji, nao si wachache katika ukumbi huu. Mfano wetu watoka mbali, walakini ulianzia shambani.

Katika kisiwa cha Long Island, mashariki ya jiji la New York, palikuwa na uwanda mpana uliolimwa viazi ulaya. Mwaka 1941 uligunduliwa kisiwani humo mnyoo mdogo sana wa ardhini ushambuliao mizizi ya viazi, na wakulima wengi hawakuona tena faida ya kushikilia mashamba. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt, ya baba na wanawe wawili, ilianza kujenga hapo nyumba za askari waliorudi vitani. Kila kikundi cha mafundi kilikuwa na kazi moja tu, nacho kilihama nyumba hii kwenda ile hata mtaa ukaisha. Ilipofika mwaka 1951 zilikuwa zimesimama nyumba 17,447, na mahali pakaitwa Levittown.

Hata leo Levittown si mji kwa sheria, ingawa hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata zaidi ya watu 51,000. Haina meya wala baraza lake. Mambo yake mengi yaamuliwa na baraza la Hempstead, linalotawala vitongoji vingine vingi pia. Shule zina mipaka yake na zimamoto ina mipaka yake, wala mipaka hiyo hailingani, hata watu wa kitongoji kimoja waweza kulipa kodi za shule mbalimbali. Wazimamoto wenyewe ni raia wa kujitolea, na jambo hilo sisi wana ushirika twalielewa upesi kuliko hayo mengine.

Wenyeji hawakukaa bure. Nyumba zilikuwa ndogo, na nyingi ziliachiwa nafasi tupu chini ya paa. Watu wakaigeuza vyumba, wakaongeza ubavuni, hata sasa ni taabu kuiona moja iliyobaki kama ilivyojengwa.

Walakini kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita. Mikataba ya kwanza ilikataza nyumba hizo zisikaliwe na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Askari mweusi aliyepigana vita ile ile alifungiwa mlango. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya namna hiyo. Hata hivyo kampuni iliendelea kuwakataa weusi kwa miaka mingi. Sharti lile liliandikwa na muuzaji kabla mkazi wa kwanza hajaingia, na waliokuja baadaye waliukuta mtaa umekwisha kuchaguliwa watu wake.

Sasa turudi kwetu. Mashamba ya mpakani yanauzwa vipande vipande, kila mtu na mnunuzi wake, wala hakuna aachaye njia. Tumepita huko wenyewe: mahali pengine mkokoteni haupiti, na kisima kilichokuwa cha wote kimo ndani ya ua wa mtu mmoja. Atakayeombwa kukirudisha ni nani, ikiwa kijiji hakijawa mji na mji haujakikubali kijiji?

Kwa hiyo Kamati yaomba kwamba majirani wenye mashamba ya mpakani wakae pamoja kabla ya kuuza, wakubaliane upana wa njia, mahali pa kisima na kiwanja cha shule, nayo yaandikwe katika kila hati ya mauzo. Ramani ya mpaka wa mashariki imetundikwa katika ghala namba mbili. Bwana mpima ardhi atakuwapo hapo baada ya chakula mpaka saa kumi, na wanaohusika waje na hati zao.