Kwotabeki Chipukizi Apewe Muda Gani?

Septemba 8, 2024, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chicago Bears ilitoka nyuma 17 kwa bila, ikaishinda Tennessee Titans 24 kwa 17. Hata hivyo mashabiki walibaki wakibishana kuhusu Caleb Williams, kwotabeki aliyeongoza orodha ya chipukizi waliochaguliwa mwaka huo.

Kwanza, msikilizaji, kazi yenyewe. Katika mchezo huu, kwotabeki hupokea mpira na kuamua, ndani ya sekunde chache, amrushie nani. Timu ikiyumba, jina lake ndilo hutajwa mapema.

Sasa tazama takwimu. Williams alirusha pasi 29, zikafika 14 tu. Alama za kuvuka mstari zilitoka kwa wenzake, mmoja aliyeokota teke lililozuiwa na mwingine aliyenasa pasi ya Titans. Mashabiki walionung'unika hawakuwa wakionea mtu.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 1998 kwotabeki Peyton Manning, akiwa mgeni katika timu ya Indianapolis, pasi zake 28 zilinaswa na wapinzani, timu ikashinda michezo 3 kati ya 16. Baadaye alitwaa Super Bowl, taji la ubingwa wa ligi, mara mbili. Na Williams? Msimu wa 2024 aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 68. Hapo lawama haiwezi kuwa ya kijana peke yake.

Kwa nini hili likuguse? Kwa sababu kila kiwanda, kila darasa, kila ofisi hupokea wageni wa kazi. Na wote hupimwa mapema: timu ya Carolina Panthers ilimweka benchi kwotabeki wake kijana, Bryce Young, baada ya michezo miwili tu ya msimu huohuo, kisha ikamrudisha. Je, ni nani apime kwamba muda wa kujifunza umetosha?