MANJANO NA DAI LA UVUMBUZI
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Hataza ni hati ambayo Serikali humpa mvumbuzi ili, kwa muda maalumu, asiwepo mwengine wa kutengeneza, kutumia wala kuuza uvumbuzi wake bila ya ruhusa yake. Sharti lake kubwa ni upya. Kila lililokwisha kuwekwa wazi kabla ya siku ya maombi huitwa maarifa yaliyotangulia. Na pindi andiko moja tu la zamani likionekana kuwa na kila sehemu iliyotajwa katika dai, dai hilo limetanguliwa, nalo huanguka.

Mwezi wa Machi 1995 Marekani ilitoa hataza nambari 5,401,504 kwa Chuo Kikuu cha Mississippi. Dai lake la mwanzo lilikuwa ni kuponesha jeraha kwa kumpa mgonjwa unga wa manjano. Ndiyo, manjano haya haya ya jikoni.

Mwaka 1996 Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India lilipeleka pingamizi. Lakini kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, matumizi ya nchi za nje hayakuhesabiwa ila yawe yamechapishwa au yamepewa hataza. Mabibi wote wa India wangalisimama kutoa ushahidi, usingalifaa kitu. Baraza likaleta maandiko 32, mengine ya Kisanskriti, Kihindi na Kiurdu, na miongoni mwao makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 madai yale yalikataliwa.

Sharti lile la maandishi liliondolewa kwa sheria ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Machi 2013. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kupima asichokiona, na neno lisilo tarehe ni zito kulithibitisha.

Zanzibar nayo, kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2008, inataka uvumbuzi uwe mpya. Basi mtumishi anayekusanya dawa za asili za Unguja na Pemba na aandike jina la mti, namna ya kuutumia na tarehe, kwa ridhaa ya mwenye ujuzi. Maana kilichokwisha kuchapishwa hakirudi kuwa siri.

Na fundi mwenye chombo kipya apeleke maombi kwanza, ndipo akionyeshe maonyeshoni. Ziko nchi ambazo tangazo lake mwenyewe litatosha kumtangulia.