Maji Yapungukapo Nguvu Bombani



Baada ya malipo ya tumbaku, mjini Mpanda na vijijini huonekana nyumba mpya za bati, na pamoja na nyumba huja bomba la uani. Kisha kiangazi hukaza, kati ya Mei na Oktoba, na koki iliyokuwa ikijaza ndoo upesi hutoa maji membamba kama uzi. Wengi hapo hukimbilia dukani kununua pampu. Hiyo ni sawa na kumnywesha mgonjwa dawa kabla ya kumpima, tena dawa ya bei kubwa.

Yafaa kwanza kujua kinachosukuma maji. Ni kimo. Tangi likiwa mita 10 juu ya koki, msukumo wake ni karibu kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Tangi la nyumbani lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 hutoa karibu sehemu tatu tu kati ya kumi za nguvu hiyo, hata likiwa pana namna gani. Ndiyo sababu nyumba ya mlimani hukosa maji wakati jirani wa bondeni angali anajaza madebe.

Basi uchunguzi huanzia kwa jirani. Ikiwa mtaa mzima umepungukiwa, kosa halimo nyumbani. Mji wa Mpanda huhudumiwa na Mamlaka ya Maji, yaani MUWASA, kutoka vyanzo kama Ikolongo na bwawa la Milala. Vijijini miradi husimamiwa na vyombo vya watumia maji chini ya RUWASA, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Huko ndiko pa kupeleka taarifa.

Ikiwa majirani wana maji ya kutosha, mwenye nyumba na achukue ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, bomba linatoa lita 10 kwa dakika, nazo zaweza kutosha jamaa ya kawaida. Na apime koki iliyo karibu na mita, kisha ile ya mbali. Ya karibu ikiwa na nguvu na ya mbali haina, ugonjwa umo katikati yake. Halafu afunge koki zote na kuitazama mita. Ikiwa bado inazunguka, maji yanavuja mahali fulani. Mara nyingi majani mabichi wakati wa kiangazi huonyesha pale pa kuchimba.

Valvu iliyo baada ya mita nayo isisahauliwe. Fundi aliyeifunga ili afanye kazi huweza kuifungua nusu na kwenda zake. Nyingine mkono wake huzunguka vizuri huku kifuniko cha ndani kimekatika na kubaki chini. Mchanga hukaa katika chujio la koki na katika vali ya boya la tangi. Hivyo hufunguliwa na kuoshwa, kazi ya robo saa. Lakini lakiri ya mita haiguswi na mtu asiye wa Mamlaka.

Linalowagharimu wanachama wengi ni bomba lenyewe. Mtu aliye mbali na bomba kuu hununua la nusu inchi kwa kuwa ni rahisi, akalilaza mita 200. Kwa lita 10 kwa dakika, bomba hilo hupoteza njiani msukumo wa zaidi ya mita 10 za kimo; la inchi moja, kwa maji yale yale, hupoteza mita 1 au 2 tu. Mabomba ya chuma ya zamani huongeza taabu: kutu hujijenga ndani hata tundu likabaki la kupitisha kalamu. Hayo hayasafishiki, hubadilishwa. Wanachama watano wa njia moja wakichanga kulaza bomba moja nene, kila mmoja akatoa tawi fupi, hupata maji mazuri kuliko mabomba matano membamba yaliyolazwa sambamba.

Sasa pampu. Ikiunganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa, huvuta maji ya majirani. Kuna ubaya mwingine usioonekana: bomba linaponyonywa, maji machafu ya mtaroni huingia kupitia nyufa zake, na kipindupindu hakichagui aliyenunua pampu. Watu wa Katavi wameona jambo la namna hii katika Mto Katuma, ambako umwagiliaji wa upande wa juu umetajwa kuwa miongoni mwa sababu za viboko wa hifadhini kusongamana katika matope wakati wa kiangazi. Njia halali ni kuyaacha maji yajaze tangi la chini kwa nguvu yake yenyewe, hasa usiku koki nyingi zinapofungwa, kisha pampu iyapandishe kutoka tangi hilo hadi tangi la juu.

Katibu anayepeleka malalamiko ya wanachama wake asiandike tu kwamba maji ni haba. Aandike idadi ya nyumba, zilizo mlimani na zilizo bondeni, saa ambazo maji hupungua, tarehe yalipoanza kupungua, na dakika ambazo ndoo ya lita 20 hutumia kujaa katika kila nyumba. Fundi akiyapata hayo huanza kuchimba mahali panapohusika siku ile ile.