Oili Ipi Yafaa kwa Injini ya Pikapu?

Natumaini wote mmekwisha kukaa na daftari ziko wazi. Somo letu la leo ni habari ya oili ya injini. Wengine huiita mafuta ya injini, lakini madukani na katika gereji jina lililozoeleka ni oili. Basi na sisi tutalitumia jina hilo, tusije tukaichanganya na petroli au dizeli, ambazo nazo ni mafuta.

Huenda mmoja wenu anasema moyoni: Mimi sina motokaa, oili yanihusu nini? Ngoja kidogo. Siku hizi kuna vikundi vya wakulima vyenye pikapu zao, walizozinunua kwa kuchangishana. Na anayetumwa dukani kununua oili mara nyingi si fundi. Ni mwanakikundi tu, mwenye fedha za wenzake mkononi. Akinunua oili isiyofaa, hasara haionekani siku ile, wala mwezi ule. Huonekana baadaye, injini inaponoki njiani na viazi vya watu vimo nyuma. Hapo ndipo wenzake huulizana ni nani aliyenunua oili.

Tuseme kikundi chenu kiko upande wa Njombe. Mna pikapu ya dizeli iliyoundwa mwaka 2004, yenye tabo. Kazi yake ni kutoa viazi mashambani na kuvifikisha kwenye barabara ya lami. Njia ni ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua, na mzigo ni mzito. Gari hili ndilo tutakalolitafutia oili leo. Wenye gari la namna nyingine mtafuata njia ile ile, ila jibu lenu laweza kuwa jingine.

Kwanza tuone oili hufanya kazi gani. Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka katika silinda, na kuna mhimili unaozunguka, mafundi huuita krankshafti. Vyote hivyo ni chuma karibu na chuma. Oili hukaa katikati kama utando mwembamba, vyuma visigusane. Tena oili huchukua joto na kuliondoa, huzuia kutu, na hukusanya masizi ya dizeli iliyoungua yasigande ndani ya injini. Katika tabo kazi ni ngumu zaidi. Mhimili mdogo wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nao huelea juu ya oili. Oili ikichelewa kufika, tabo huumia kabla dereva hajasikia sauti yoyote.

Sasa chukueni kalamu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya, kwa herufi kubwa: SAE 15W-40. Na chini yake: API CI-4.

Maandishi hayo mtayakuta kwenye dumu la oili, mbele au mgongoni. Jina la kampuni na picha ya gari zuri ni mapambo. Maneno hayo mawili ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na SAE. Hizo ni herufi za jina la chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1905. Chama hicho ndicho kilichoweka tarakimu za kupimia uzito wa oili. Nikisema uzito sisemi uzito wa kwenye mizani, bali ule wa uji. Uji wa mgonjwa ni mwepesi, humiminika upesi. Ugali hukaa pale pale. Oili nayo ikipata baridi huwa nzito, ikipata joto huwa nyepesi. Kwa hiyo oili moja hupimwa mara mbili.

Tarakimu ya kwanza, ile yenye herufi W, ni ya wakati wa baridi. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi kali. Tarakimu ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi zaidi injini inapowashwa ikiwa baridi. Oili ya 15W hupimwa kwa kuzungushwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na ile ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Njombe ina baridi mwezi wa Juni na Julai, na huko Kitulo majani huamka na umande ulioganda, lakini baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hatujaiona. Basi 15W yatutosha.

Tarakimu ya pili, yaani 40, ni ya wakati injini imepata moto. Hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, sawa na maji yanayochemka. Tarakimu ikiwa kubwa, utando wa oili hubaki mnene zaidi katika joto. Oili ya 30 ni nyembamba kuliko ya 40, na ya 50 ni nene kuliko zote hizo.

Lakini mtakuta madumu yaliyoandikwa SAE 40 tu, bila W. Hiyo ni oili ya uzito mmoja. Ikiwa moto hulingana na 15W-40, bali asubuhi yenye baridi huwa nzito sana na huchelewa kufika juu ya injini. Watu wengi huipenda kwa sababu ni rahisi kwa bei, na ukiishika vidoleni waiona nene. Kuna imani kwamba oili ikiwa nene ndiyo bora. Sikubaliani nayo. Unene unaotakiwa ni ule uliowekwa na waundaji wa injini, kwa kuwa wao ndio waliopima nafasi zilizo kati ya chuma na chuma. Injini za miaka ya karibuni zina nafasi ndogo zaidi, na nyingi zataka 5W-30. Ukizitilia 20W-50 huzisaidii. Injini iliyochakaa, inayokula oili na kutoa moshi wa buluu, hiyo fundi aweza kuipandishia uzito kidogo ili ijikokote. Hata hivyo dawa yake ni kufunguliwa.

Sasa tufike kwenye API, na hapa ndipo kisomo chenu kitakapofanya kazi. Hizo ni herufi za jina la taasisi ya mafuta ya Marekani. Baada yake hufuata herufi mbili. Herufi ya kwanza yatuambia aina ya injini: S ni ya injini za petroli, C ni ya injini za dizeli. Herufi C peke yake hamjaizoea, maana katika Kiswahili huandamana na h, kama katika neno chai. Ikumbukeni hivi hivi ilivyo: C, dizeli.

Herufi ya pili yatuambia ubora, nao hufuata mpangilio ule ule wa alfabeti mliojifunza. Kadiri herufi inavyokwenda mbele, ndivyo oili ilivyo ya maarifa mapya zaidi. CD iliwekwa mwaka 1955. CF-4 ilikuja mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006, na CK-4 mwaka 2016. Tarakimu 4 ya mwisho maana yake ni injini ya mapigo manne. Kwa petroli ni vivyo hivyo: SF ni ya zamani, SL ni ya baadaye, na SP ilianza mwaka 2020.

Angalieni ile CD. Taasisi yenyewe imetangaza kwamba CD haifai kwa injini nyingi za dizeli za magari zilizoundwa baada ya mwaka 1994. Na bado yauzwa. Si kosa la muuzaji kuiuza, maana kuna injini kuukuu na mashine za kusaga zinazoweza kuitumia. Lakini pikapu yetu ni ya mwaka 2004, na ina tabo. Ukiipa CD, masizi hayatashikwa vizuri, tope jeusi litajikusanya ndani, na ringi za pistoni zitaanza kukwama.

Sikilizeni mazungumzo haya, kama yanavyoweza kutokea katika duka la vipuri.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nataka oili ya pikapu ya dizeli.”

“Chukua hii, mama. Nzito, na bei yake ni nafuu. Ndiyo wanayochukua wote.”

“Nigeuzie mgongo wa dumu, nisome mwenyewe. Hapa pameandikwa SAE 40, API CD. Kijitabu cha gari letu kinataka 15W-40, CF-4 au zaidi.”

“Ipo ya CI-4, ila bei yake iko juu.”

“CI-4. H, I. Baada ya F. Hiyo yatufaa. Nipe risiti yenye jina la oili, nikaionyeshe kikundi.”

Mama huyo si fundi, wala hakumgombeza kijana. Alisoma tu. Tena aliuliza jambo moja lenye maana kuliko yote, yaani kijitabu cha gari chasemaje. Magari mengi yaliyotumika huletwa kwetu kutoka Japani, na vijitabu vyao vimeandikwa Kijapani. Msikate tamaa. Fungueni ukurasa wa oili, mtaona 15W-40 na CF-4 zimeandikwa kwa herufi na tarakimu hizi hizi zetu. Kama kijitabu kimepotea, tazameni kifuniko cha mahali pa kumiminia oili juu ya injini. Katika magari mengi uzito umeandikwa pale.

Pengine mtaona dumu lenye herufi za namna zote mbili, kama CI-4/SL. Oili hiyo yafaa dizeli na petroli, na kikundi chenye magari mawili chaweza kununua dumu moja.

Niongeze neno kwa wenye pikapu mpya za dizeli. Baadhi yake zina chujio katika bomba la moshi, la kunasa masizi. Masizi huchomwa humo na kwisha, lakini majivu yanayotoka katika oili hayachomeki, hukaa humo mpaka chujio linaziba. Chujio hilo ni ghali mno. Gari la namna hiyo lataka oili yenye majivu machache: CK-4 kama kijitabu kinaikubali, au ile yenye alama ya Kijapani DL-1 kwa magari madogo. Pikapu yetu ya mwaka 2004 haina chujio hilo.

Sasa kuhusu oili ya kupima, inayochotwa kwenye pipa kwa lita. Mimi simshauri mtu aitumie katika gari la kikundi. Pipa laweza kuwa na jina zuri ubavuni, na ndani mna kitu kingine, hata oili chafu iliyochujwa. Macho hayawezi kuitambua. Nunua dumu lililofungwa, utazame kama pete ya kifuniko haijakatwa, kama karatasi haikubandikwa juu ya nyingine, na kama pana alama ya shirika la viwango la nchi. Ukishamaliza dumu, litoboe. Madumu mazima yenye majina makubwa hununuliwa na watu wasio waaminifu.

Mtu mmoja atauliza: Mbona oili yetu imekuwa nyeusi baada ya siku chache tu, je, ni bandia? La. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi kwa sababu imeshika masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Rangi si kipimo. Kipimo ni kilomita zilizokwenda tangu ilipobadilishwa. Fuateni kijitabu, na kwa gari la mizigo mizito na vumbi, kama letu, tazameni ule mstari wa matumizi magumu, ambao hupunguza kilomita. Andikeni tarehe na kilomita katika daftari la kikundi, na chujio la oili libadilishwe siku hiyo hiyo.

Kupima oili ni kazi ya kila asubuhi. Gari lisimame mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa. Vuta kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, ukivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua chini ya alama ya chini, ongeza. Wala usipitishe alama ya juu, kwa maana krankshafti itaipiga oili na kuitia povu, na povu halilainishi chuma. Mkiwa njiani na oili ya aina yenu haipo, ongezeni ya jina jingine yenye herufi na uzito unaokaribiana. Oili zenye alama za API huchanganyika bila kuganda. Afadhali hiyo kuliko kwenda na injini kavu.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja atafute dumu moja la oili, jipya au tupu, aandike katika daftari uzito wake na herufi zake, kisha aseme ni ya petroli, ya dizeli au ya zote mbili. Halafu darasa lijadili swali moja: gari la petroli la mwaka 2008, kijitabu chataka SL 10W-30, na dukani ipo SF 20W-50 na SN 10W-30. Mtachukua ipi, na mtawaelezaje wenzenu waliotaka ile ya bei ndogo? Juma lijalo tutazungumza habari ya maji ya rejeta.